Mguu wa Mtoto Uliotoka Dirishani

Ilianza siku ya Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, mbele ya friji. Friji lilikuwa katika chumba cha nyuma cha kituo cha afya, hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wake uliokuwa wazi ili watu wasinione. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza Senior Four, na nilikuwa nimepata kazi ya kusema. Nani alinichagua sijui mpaka leo. Nadhani waliangalia alama zangu za lugha, hawakuniangalia usoni.

"Wewe ndiyo mkalimani?" aliuliza mama mmoja mnene mwenye sare ya uuguzi.

"Ndiyo, Sista."

"Sasa mbona iko ndani ya friji? Toka, baridi inapotea."

Huyo ndiye Sista Kyomuhendo. Ni mtu wa Ankole, Kiswahili chake alikipata kwa mume wake aliyekuwa askari, kwa hiyo hata anapobembeleza mtoto unasikia kama anapanga watu mstari. Kila ninachojua kuhusu kazi hii nilikipata kwake.

Sasa nimestaafu. Nina miaka kumi na tisa na nusu. Sista anasema mtu wa umri wangu hastaafu, anaacha tu kazi. Lakini neno kustaafu nalipenda zaidi, linanipa ruhusa ya kutoa mashauri. Nimepata shule Mbarara, Senior Five, na nyinyi wawili mnaanza Jumatatu katika nafasi yangu. Mlinikuta kwenye mafunzo nikaona haya, nikasoma karatasi haraka haraka na kukaa. Yale niliyotaka kuwaambia ndiyo haya. Mambo ya cheo nayaruka, kwa sababu cheo kilikuwa kimoja na hakikupanda. Majina ya wagonjwa nimebadilisha, na nyinyi mzoee kufanya hivyo hata ndani ya daftari zenu za nyumbani.

Kwanza muelewe mradi wenyewe, maana mimi ilinichukua muda. Mradi wetu una miguu miwili. Mguu mmoja uko Mbarara, kwenye maabara, ambako Daktari Ninsiima na wenzake wanataka kukijua kile kirusi cha homa ya ini chenyewe: ni cha aina gani, kimetoka Kivu au Burundi au kiko hapa hapa, kinajificha vipi ndani ya ini la mtu mwenye nguvu anayelima kila siku. Mguu wa pili uko huku, kwenye nyumba za udongo, ambako yale yanayojulikana Mbarara yanatakiwa kugeuka kuwa kitu cha maana kwa mtu: kipimo, kidonge, sindano ya mtoto mchanga. Kuratibu ni kuhakikisha miguu hiyo inatembea pamoja. Mara nyingi mmoja unakimbia na mwingine umekwama kwenye matope ya Kaberebere, katikati ya njia.

Mnyororo wenu ndio huu. Asubuhi mnapita nyumba kwa nyumba na Sista. Anachota damu, nyinyi mnasema. Kabla ya saa sita damu izungushwe kwenye mashine, ile ya mezani inayolia kama kinu, mpaka maji ya njano yajitenge juu. Maji yale ndiyo yanayosafiri. Mnayaingiza kwenye vichupa, mnaandika namba kwa kalamu isiyofutika (ile nyeusi, si ya bluu, ya bluu inatoa machozi ikipata barafu), mnapanga ndani ya boksi la barafu na kipimajoto chake, na mmoja wenu anapanda gari pamoja na boksi mpaka Mbarara. Boksi halisafiri peke yake. Kila mkipita mji mnafunua kifuniko kidogo, mnasoma kipimajoto, mnafunga. Dereva atawacheka. Mwacheni acheke.

Damu haikai. Hilo ndilo lililonifundisha kutotulia. Nilikuwa mtoto wa kukaa pembeni na kitabu, lakini baada ya mwezi mmoja sikuweza kunywa chai nimeketi. Nikiwa Nakivale nawaza boksi. Nikiwa Mbarara, kwenye kile chumba cha mradi Nyamityobora chenye vitanda viwili na neti moja, nawaza nyumba ambazo hatujarudisha majibu. Mama yangu alisema, "Faida, weye unatembea hata ukilala." Alikuwa anaona miguu yangu ikicheza chini ya blanketi.

Kuhusu kusema: mimi sikujua kusema, na Sista hakunifundisha kusema. Alinifundisha kunyamaza mahali panapofaa. Wiki ile ya kwanza tuliingia nyumba ya baba mmoja Mrundi aliyepimwa na kukutwa na kirusi. Familia ilikuwa imemtengea kikombe chake, sahani yake, na kigoda chake karibu na mlango. Nikaanza maelezo niliyokariri: kirusi kinapita kwa damu, kwa kuzaliwa, kwa wembe wa kushirikiana, kwa tendo la mume na mke, hakipiti kwa chakula. Walinisikiliza kwa adabu. Hakuna aliyeamini hata neno. Sista akasema ana kiu, akachukua kikombe kile kilichotengwa, akajichotea maji mtungini, akanywa mpaka mwisho, akafuta mdomo, akauliza maharagwe ya mwaka huu yamekuwaje. Tulipotoka nje aliniambia, "Wewe nasema mingi kama redio. Watu wanazima redio."

Sasa niwaambie habari ya Chantal, kwa sababu kazi yangu yote naipima kwa siku ile moja.

Chantal ni wa Kivu ya Kusini kama mimi, mkubwa kwangu kwa miaka michache tu. Aliishi na mama mkwe wake, ambaye sote tunamwita Koko, yaani bibi. Mume wa Chantal, mtoto wa pekee wa Koko aliyekuwa amebaki, alikufa mimba ikiwa changa. Macho yalikuwa ya njano, tumbo limejaa maji, mikono imekuwa vijiti. Mkisikia hivyo nyinyi mtasema ini. Sisi wa Kivu tunasema karuho: sumu ya polepole, mtu anakutilia ndani ya kinywaji ukiwa unacheka naye, unakauka kidogo kidogo mpaka unaisha. Ndiyo maana kwetu hakuna anayekupa kinywaji bila kukionja kwanza mbele ya macho yako. Mkienda kwa Wakongomani mtaona: mama analeta kikombe, anameza funda moja, ndipo anakunyooshea. Si ukosefu wa adabu. Ndiyo adabu yenyewe.

Koko alijua mtoto wake ameuawa kwa karuho. Alifunga mlango kwa majirani, na hata maji ya kunywa akawa anaenda kuchota mwenyewe.

Tulipompima Chantal, kirusi kilikuwamo, na Mbarara wakatupigia simu kwamba ni kingi sana. Daktari Ninsiima alieleza kwamba mama wa namna hiyo ana hatari kubwa ya kumpa mtoto wakati wa kuzaa, na mtoto akikipata siku ile mara nyingi anaishi nacho maisha yake yote. Mtu mzima akikipata, mwili wake mara nyingi hukifukuza. Mtoto mchanga hajui kufukuza. Lakini njia ipo: mama ameze vidonge miezi ya mwisho, na mtoto achomwe sindano ya kwanza mapema, ndani ya saa ishirini na nne tangu azaliwe, bila kungoja zile chanjo za wiki ya sita. Sindano hiyo ilikuwa kwenye friji letu, vichupa vyenye kifuniko cha rangi ya machungwa.

Chantal alimeza vidonge. Aliniambia, "Faida, huyu mutoto njo kitu kimoja baba yake alituachia. Koko akimupoteza, atakufa." Hakusema habari zake mwenyewe. Tukakubaliana uchungu ukianza anatupigia, gari linamleta kituoni, anazalia pale, sindano inapatikana hatua chache kutoka kitandani. Mpango mzuri kabisa. Niliueleza Mbarara kwa maneno yangu mwenyewe, na Daktari akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nililala vizuri siku ile, na hilo lilipaswa kunipa wasiwasi.

Siku yenyewe nilikuwa kwenye gari, na boksi miguuni, tumesimama Kaberebere kujaza mafuta. Boksi lilikuwa na damu ya wiki nzima, kwa sababu mvua ilikuwa imefunga njia siku zilizotangulia. Simu ikalia.

"Chantal amezaa," alisema Sista. "Jana jioni. Nyumbani."

"Kwa nini hakupiga simu?"

"Mvua, mtandao, sijui. Mtoto wa kiume. Mimi nimefika na dawa, yule mama mkwe amenifukuza kama mbuzi. Ananiambia maneno sisikii. Jua likizama, siku imeisha. Kuja."

Nikampigia Daktari Ninsiima. Daktari hasemi Kiswahili, mimi nayaandika maneno yake kwa lugha yangu. Aliuliza damu imefika wapi. Nikasema Kaberebere, na kwamba nataka kushuka.

"Boksi halisafiri peke yake, Faida. Hiyo sheria uliitunga na nani?"

"Na wewe, Daktari."

"Hakuna mwingine wa kuzungumza na huyo bibi?"

Wakalimani wengine wawili walikuwa upande wa pili wa kambi, ng'ambo ya ziwa, na mmoja wao ni Msomali. Nilisema hakuna. Daktari akasema, "Mwelekeze dereva," akakata.

Nilimwelekeza dereva mara mbili. Boksi likae kivulini, usisimame, soma namba hii, ikipanda ongeza barafu. Akasema, "Sawa sawa, mwalimu," na kwa namna alivyosema nilijua. Lakini nilishuka. Nikapanda pikipiki kurudi Nakivale, na njia nzima nilimbonyeza yule dereva wa boda mgongoni kwa kidole kama kwamba pikipiki inaongozwa hivyo.

Nyumba ya Koko ina mlango mmoja na dirisha moja dogo lisilo na kioo, ubao tu. Koko alikuwa ameketi kigodani katikati ya mlango, ungo mapajani, anachambua maharagwe. Alikuwa ameuziba mlango wote. Ndani mtoto alikuwa analia kile kilio chao cha kwanza, kama mlango usiotiwa mafuta. Sista alikuwa amesimama juani na boksi dogo la chanjo begani, uso umemvimba kwa hasira.

"Nyabo, mama," alikuwa anasema, "mimi naomba dakika mbili tu. Hii dawa haina maneno."

Koko hakuinua macho. "Faida, ambia ule askari arudi kwao."

"Ni muuguzi, Koko."

"Anasema kama askari."

Sista aliniuliza amesema nini. Nilisema amemsalimia.

Nyinyi mnajua mimi nikiwa mbele ya mtu mkubwa aliyekasirika maneno yanakwama. Yalikwama. Sikupata hata moja kati ya yale niliyoyakariri. Basi nikaketi chini karibu na ungo, nikaanza kuchambua maharagwe. Mabaya huku, mazuri kule. Sista aliniangalia kama mtu aliyerukwa na akili, kisha akaenda kuketi kwenye kivuli cha ukuta, na nikamsikia akisema peke yake, "Kale, sawa. Tutapika."

Baada ya muda Koko akaanza kusema, si na mimi hasa, na maharagwe. Kwamba mtoto wake alikuwa na nguvu ya kubeba gunia mbili. Kwamba alikwenda kunywa kwa watu, akarudi anacheka, na kutoka siku ile hakucheka tena vizuri. "Baliniulia mutoto kwa kikombe," alisema. "Na leo munaniletea kichupa."

Mimi sikubishana. Hata leo sijabishana naye, na mkifika kwake msibishane. Ningeweza kumwambia ni ini, ni kirusi, na angenisukuma kwa ungo wake. Nilimuuliza tu, "Koko, muzio, ule mwiko wa hii nyumba, unasema nini?"

"Mugeni asiingie mpaka kitovu kianguke. Na mutoto asitoke. Njo vile kwetu, na kisha ya mambo nilioona, miye nimeongeza kufuli."

"Dawa yenyewe unaikataa?"

Alichambua kidogo. "Sikatai dawa. Chantal alikunywa bile bidonge bienu, nilimuona, hakukufa. Nakataa mukono nisioujua." Halafu akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Ile dawa, nani aliionja?"

Nilimtafsiria Sista. Sista akasema dawa ya sindano haionjwi. Akasema yeye mwenyewe alishachomwa zote tatu zamani, na kama bibi anataka atachomwa tena sasa hivi, akaanza kukunja mkono wa sare.

"Hapana," alisema Koko. "Ule ni wa Mbarara, pengine beko na dawa ya kuzuia. Onja weye, mutoto wa kwetu."

Sasa niseme jambo ambalo wenzangu wote kazini walilijua na walikuwa wananicheka kwalo: mimi naogopa sindano. Nimeshika mikono ya watu wengi wakichotwa damu, na kila mara nilikuwa naangalia paa. Sikuwa nimepimwa wala kuchanjwa. Kila Sista akinikumbusha nilikuwa na boksi la kupeleka mahali. Zile mbio zangu zote za Nakivale na Mbarara, sehemu yake ilikuwa ni kukimbia kuchomwa kidole changu mwenyewe.

Jua lilikuwa limeshafika upande wa migomba.

"Viko vichupa vingapi?" nilimuuliza Sista.

"Viwili. Kimoja cha akiba."

"Vyote ni sawasawa?"

"Boksi moja, dawa moja." Alinitazama. Alikuwa ameshaelewa. "Faida, wewe utaanguka."

"Nikianguka ndiyo tumepoteza mtoto, Sista. Kwa hiyo nishike vizuri."

Aliweka vichupa vyote viwili juu ya ungo, kwenye maharagwe. Koko akavishika kimoja kimoja, akavigeuza, akachagua mwenyewe. Hiki cha Faida, hiki cha mutoto. Kisha akabadilisha mawazo, akavibadilisha. Nilikunja mkono wa blauzi. Kwa mara ya kwanza sikuangalia paa, maana hapakuwa na paa, nilimwangalia Koko, naye hakuwa anaangalia sindano, alikuwa anaangalia uso wangu. Iliuma kidogo. Sikuanguka. Niliona nyota mbili tatu, nikaendelea na maharagwe.

"Tungoje," alisema Koko.

Tukangoja. Kuna kungoja ambako mtu anapumzika, huku hakukuwa huko. Nilichambua maharagwe mpaka nikaanza kutupa mazuri. Sista aliangalia jua, saa, jua. Koko aliniuliza kama tumbo linasokota, kama ulimi unakuwa mzito, mama yangu ni wa ukoo gani, niliponyonya nilinyonya muda gani. Nikajibu yote. Ungo ulipokwisha, alipuliza makapi, akasimama, magoti yakalia.

"Mugeni haingii," alisema.

Sista akaangalia jua tena.

"Na mutoto hatoki. Banataka kuchoma fasi gani?"

"Paja, Koko. Pajani tu."

Alifikiri. "Paja si mutoto," alisema, akaingia ndani na kufunga mlango nyuma yake.

Tulisikia ubao wa dirisha ukisukumwa. Kisha ukatoka mguu. Mguu mdogo mwekundu, kisigino kimekunjamana, vidole vimetanuka, umeshikwa na mkono mweusi wa Koko juu ya goti. Sehemu nyingine yote ya mtoto ilikuwa ndani, kwa mujibu wa sheria. Sista Kyomuhendo, ambaye amechanja watoto kwa miaka mingi katika wilaya nyingi, alisimama na bomba la sindano mkononi akiutazama mguu ule. Kisha akapiga magoti kwenye matope chini ya dirisha, akasafisha paja kwa pamba, akachoma. Mguu ukarudi ndani kwa ghafla, kikafuata kilio ambacho kama kingekuwa na maneno nisingeyatafsiri.

Jua halikuwa limezama.

Sauti ya Chantal ikatoka gizani ndani, dhaifu, "Aksanti, Faida." Na ya Koko juu yake: "Lala, weye."

Tulipofika kituoni Sista aliliweka boksi lake mezani. Akasema, "Kesho unapimwa, na za pili na tatu unachomwa, hakuna maneno." Nilipimwa. Sikuwa nacho. Nilipopata jibu nililala mchana mzima, mama akadhani naumwa.

Damu ya wiki ile iliharibika. Dereva alisimama kula, gari likiwa juani, boksi likiwa garini. Nilikwenda Mbarara mwenyewe kupokea maneno. Daktari Ninsiima alikuwa amevipanga vichupa vyote mezani, haviwezi kusomwa tena, kazi ya watu wa nyumba nyingi.

"Na mtoto?" aliuliza.

"Alipata. Kabla jua halijazama."

Nikamweleza dirisha. Nikamweleza mguu. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo.

"Basi tutachota tena," alisema. "Lakini utawaomba wewe."

Niliwaomba. Nyumba moja moja. Walinitania mpaka nikatamani kurudi nyuma ya friji. "Ile ya kwanza mulikula na bugali?" aliuliza mama mmoja. Mwingine aliuliza kama Mbarara kuna mtu ananona. Lakini kilinisaidia kitu kimoja, na hiki ndicho nataka mkishike kuliko yote. Habari ya kichupa juu ya ungo ilikuwa imetembea mbele yangu. Kila nyumba ya Wakongomani niliyoingia, kabla ya kuomba kitu nilitoa kidole changu kwa Sista, akanichoma mbele yao, tone likatoka, kisha nikanyamaza. Tukaendelea hivyo mpaka mwisho. Daktari aliandika maneno marefu kuhusu jambo hilo kwenye ripoti. Koko analiita kuonja. Kwa hiyo Jumatatu jiandaeni, vidole vyenu ni vifaa vya kazi. Tumieni pembeni ya kidole, si katikati, na badilisheni mkono.

Tangu siku ile pia, mama akizaa, boksi linangoja. Hilo halikuandikwa popote, Daktari alilisema kwa simu na likawa sheria.

Mtoto alipata na zile chanjo nyingine kuanzia wiki ya sita. Safari hizo alipelekwa kituoni mzima, mwili wote. Akawa mnene. Lakini sindano kuwahi si ahadi kwamba kirusi hakikutangulia, na mtoto hapimwi mapema, damu yake changa inaweza kudanganya. Unangoja karibu mwaka. Mimi niliyeshindwa kungoja chai ipoe, nilingoja. Kila nilipompita mgongoni mwa Koko nilimtazama macho, nikitafuta njano ambayo nilijua kabisa haionekani kwa mtoto wa umri ule.

Damu yake tuliichota wiki yangu ya mwisho. Nililibeba boksi hilo mapajani kutoka Nakivale mpaka Mbarara, sikuliweka chini hata Kaberebere, na dereva, mwingine sasa, hakucheka. Ijumaa, siku yangu ya mwisho, nilikuwa nafagia chumba cha Nyamityobora niwaachie kikiwa safi, Daktari akanipigia nije maabara. Hakuniambia chochote mlangoni. Alinionyesha kwenye kioo cha mashine, namba ya kichupa na neno moja mbele yake. Akaninyooshea kiti. Sikuweza kukaa.

"Hana," alisema. "Safi."

Nikampigia Sista. Kwanza alikohoa, muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti yake ya gwaride, "Kale. Wewe ndiyo utapeleka hiyo. Mimi nilichoma mguu tu, mtoto sikuonyeshwa."

Asubuhi yake, Jumamosi, niliamka mapema kama mtu mwenye kazi, nikarudi Nakivale. Sikuwa na boksi, sikuwa na kalamu, mikono ilikuwa inanining'inia tu njiani. Nilimkuta Chantal uani anaanika nguo, nikamwambia yeye kwanza, pembeni, kama inavyotakiwa. Aliketi chini palepale na shati la mtoto lenye maji mapajani, akasema, "Ambia na Koko." Nikamwambia Koko. Koko alisema alijua, paja lile lilikuwa na nguvu. Akaniambia niketi, na nikaketi. Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha uji wa mtama kinachotoa moshi, mtoto anamfuata kwa kutambaa. Akasimama mbele yangu na kukiinua mdomoni mwake aonje. Nilinyoosha mikono yote miwili, nikakipokea kabla hakijamfikia, nikanywa.